Luigi Broglio: Mtaliano aliyeleta roketi Ngomeni

ALFAJIRI ya Ijumaa, Februari 28, 1997, zikiwa zimesalia dakika mbili kutimia saa kumi na mbili, wakazi wa Likoni walikuwa wakishuka mteremko kwenda kupanda feri, matatu za Kisauni zilikuwa zikijaa abiria wa kuvuka daraja la Nyali, na vijana wa Changamwe walikuwa wakiharakisha kwenda kutafuta kibarua cha siku bandarini Kilindini. Katika dakika hiyo hiyo, setilaiti moja ya Kiitaliano iliyokuwa ikizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 600 hivi, karibu na mstari wa Ikweta, iligongwa na mmiminiko wa miale ya gama uliodumu takriban sekunde 80.

Hakuna aliyeuona mmiminiko huo kwa macho. Kundinyota la Orion, ambako miale hiyo ilitokea, lilikuwa limekwisha kutua saa nyingi kabla. Na hata lingekuwa utosini, hewa ya dunia huimeza miale ya gama kabla haijafika ardhini. Hata hivyo, taarifa za mlipuko huo zilishuka duniani mahali pamoja tu: kwenye dishi la kituo cha Waitaliano kilichoko Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi. Kabla ya siku hiyo kwisha, fumbo lililokuwa limewashinda wataalamu wa nyota kwa karibu miaka 30 lilianza kufumbuka.

Mtu aliyesababisha kituo hicho kiwepo katika pwani ya Kenya alikuwa Roma wakati huo, mzee wa miaka 85, na wala hakuwa miongoni mwa waliopewa sifa za ugunduzi. Alikuwa Profesa Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa Jeshi la Anga la Italia. Kwao humwita baba wa safari za anga za Italia. Huku kwetu jina lake limeandikwa kwenye lango la kituo, lakini ni wachache kati ya wale wapitao hapo wajuao alikuwa nani.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911, katika mji wa Mestre. Mkazi wa Changamwe au Kisauni hahitaji ramani kuelewa Mestre ni mji wa namna gani. Ni bara ya kisiwa cha Venice, kama vile Changamwe, Likoni na Kisauni zilivyo bara ya kisiwa cha Mombasa. Sifa na watalii ni wa kisiwani, viwanda na nyumba za wafanyakazi viko bara, na kila asubuhi watu humiminika kuvuka maji. Msimamizi wa Venice ni Mtakatifu Marko, ambaye Waitaliano humwita San Marco. Jina hilo lingekuja kuzoeleka midomoni mwa wavuvi wa Ngomeni bila wengi wao kuuliza linatoka wapi.

Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma na kuhitimu mwaka wa 1934, kisha akaingia katika kikosi cha wahandisi cha Jeshi la Anga. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Italia ilikuwa imeshindwa, viwanda vyake vya ndege vimebomolewa, na wataalamu wake wengi wametawanyika ughaibuni. Broglio alibaki. Mnamo mwaka wa 1952 alimrithi mwalimu mashuhuri Gaetano Arturo Crocco katika uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya chuo hicho cha Roma, na kwa miongo kadhaa wanafunzi wake ndio waliojaza maabara na viwanda vya anga vya nchi hiyo. Mwaka wa 1956 Jeshi la Anga lilimkabidhi utafiti wa roketi. Hapo ndipo uwanja wa kurushia roketi wa Salto di Quirra, katika kisiwa cha Sardinia, ulipoanza kutumika.

Warusi walipoirusha Sputnik mwaka wa 1957, mataifa ya Ulaya yaligundua kwamba yamebaki watazamaji. Broglio, akishirikiana na mwanafizikia Edoardo Amaldi, alikuwa miongoni mwa walioishinikiza serikali ya Italia isikae kitako. Hoja yake ilikuwa rahisi, na pengine ndiyo iliyoiponya: Italia haina fedha za kuunda roketi kubwa, basi na ikope roketi ya Wamarekani, lakini setilaiti iwe ya Kiitaliano, watakaoirusha wawe Waitaliano, na kiwanja kiwe cha Waitaliano. Mwaka wa 1961 Waziri Mkuu Amintore Fanfani aliukubali mpango huo, nao ukapewa jina San Marco. Mwaka uliofuata mkataba ulitiwa saini baina ya Italia na shirika la anga la Marekani, NASA. Wamarekani wangetoa roketi aina ya Scout na mafunzo; Waitaliano wangefanya mengineyo.

Kiwanja ndicho kilichomleta Afrika Mashariki. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kasi yake ni kubwa zaidi kwenye Ikweta, ambako kila kitu kilichosimama huwa kinakwenda kwa kilomita takriban 1,670 kwa saa bila kujijua. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huipata kasi hiyo bure. Kwa roketi ndogo kama Scout, msaada huo si haba. Isitoshe, setilaiti iliyorushwa kutoka Ikweta huweza kuzunguka juu ya Ikweta yenyewe bila kupoteza mafuta kugeuza njia. Ghuba ya Ungwana, iliyo karibu digrii tatu kusini mwa Ikweta, ilikuwa na kila kitu alichokihitaji: maji yasiyo na kina kirefu, na mashariki yake bahari tupu ambamo vipande vya roketi vingeweza kuanguka bila kumwumiza mtu.

Badala ya kuomba ardhi kubwa, Broglio aliamua kujenga kiwanja juu ya maji. Wazo hilo liliwashangaza wengi, kwani hakuna nchi iliyokuwa imerusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini. Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa la wachimba mafuta; lilisimamishwa katika ghuba hiyo mwaka wa 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kujitawala, na roketi ndogo za uchunguzi wa hewa zikarushwa kutoka hapo mwaka huo huo. Jukwaa la pili, San Marco, lilitoka Marekani, likarekebishwa Italia na kukokotwa hadi Kenya, likakita miguu yake ya chuma mchangani. Roketi zingerushwa kutoka San Marco. Wanaozirusha wangekaa Santa Rita, nyaya zikiyaunganisha majukwaa hayo mawili chini ya maji.

Ni vyema kukumbuka pwani ilivyokuwa wakati huo. Mtu aliyeondoka kisiwani Mombasa alivuka kwenda Kisauni kwa daraja la Nyali lililoelea juu ya maji, daraja lililokuwapo hadi mwaka wa 1980. Akifika Kilifi alisubiri feri, na hali hiyo iliendelea hadi daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka wa 1991. Mbele ya Malindi barabara ilikuwa ya vumbi, na mvua za masika zikianza ikawa tope. Katika mazingira hayo ndimo walimojenga kituo cha kurushia vyombo vya anga, wakitegemea pia mabaharia na mafundi wa Pwani walioijua ghuba hiyo.

Kabla ya kituo kukamilika, kikosi cha Broglio kilikwenda Marekani kujaribu mkono wake. Desemba 15, 1964, Waitaliano wenyewe waliirusha San Marco 1 kwa roketi ya Scout kutoka kisiwa cha Wallops, jimbo la Virginia. Setilaiti hiyo ilikuwa tufe lenye kipenyo cha sentimita 66 hivi, na ndani yake mlikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, ambacho wenzake walikiita mizania ya Broglio. Gamba la nje, lililo jepesi, lilishikamana na kiini kizito kwa mikono inayonyumbuka. Hewa nyepesi iliyoko juu sana ilipolisukuma gamba, mikono ile ilijipinda kidogo mno, na kiasi cha kujipinda kilionyesha hewa hiyo ina uzito gani. Ujuzi huo ulikuwa muhimu kwa kila aliyetaka kujua chombo chake kitadumu angani kwa muda gani kabla ya kushuka na kuungua.

Aprili 26, 1967, San Marco 2 ilipaa kutoka majini Ngomeni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti kurushwa kutoka jukwaa la baharini, na mara ya kwanza kwa setilaiti kurushwa kutoka karibu hivyo na Ikweta. Kenya ilikuwa na umri wa miaka mitatu na miezi minne.

Lakini roketi iliyoupeleka mji wa Malindi katika vitabu vya elimu ya nyota haikubeba chombo cha Kiitaliano. Wamarekani walikuwa na setilaiti ndogo ya kilo 140 hivi, ya kwanza kabisa kuundwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Miale hiyo ni ile ile itumiwayo hospitalini kupiga picha za mifupa, na nayo pia huzuiwa na hewa. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakiitafuta kwa roketi zilizopaa na kuanguka, ambazo ziliwapa dakika chache tu za kutazama. Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, alitaka chombo kitakachotazama siku nzima, mwezi mzima, mwaka mzima.

Chombo hicho kilihitaji njia ya Ikweta kwa sababu nyingine pia. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembechembe zenye umeme, na mikanda hiyo hushuka chini zaidi juu ya Brazil na bahari ya Atlantiki ya Kusini. Setilaiti ipitayo humo hupigwa na chembe hizo hata vifaa vyake vikajaa kelele. Izungukayo karibu na Ikweta hupita pembeni tu. Kwa hiyo Wamarekani, wenye viwanja vikubwa huko kwao, walibisha hodi kwa Broglio. Desemba 12, 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya kujitawala, kikosi chake kiliirusha setilaiti hiyo kutoka San Marco. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Ndivyo neno la Kiswahili lilivyoingia katika orodha za nyota. Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka wa 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kwamba chanzo kiitwacho Cen X-3 kinapiga kama mapigo ya moyo, kila baada ya sekunde 4.8, kwa kuwa ni nyota ya nyutroni inayoifyonza nyota mwenzake. Ilionyesha kwamba Cyg X-1 inamemeteka kwa haraka isiyo ya kawaida, dalili iliyowaongoza wataalamu kwenye ushahidi thabiti wa kwanza wa shimo jeusi. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2002. Kama kuna dosari katika habari hii, ni kwamba Kenya ilitoa jina, bahari na siku ya sherehe, lakini haikuwa na mwanasayansi wake hata mmoja miongoni mwa waliosoma taarifa za setilaiti hiyo.

Miaka mitano iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya neema. Mwaka wa 1971 zilirushwa San Marco 3 na setilaiti nyingine ya Marekani. Mwaka wa 1972 ikapaa SAS-2, iliyotazama miale ya gama na kukiona kwa mara ya kwanza chanzo ambacho baadaye kiliitwa Geminga. San Marco 4 ilirushwa mwaka wa 1974, na Oktoba mwaka huo ikafuata Ariel 5 ya Uingereza, nayo ya eksirei. Mei 1975 ikaja SAS-3. Kisha kimya. Waingereza na Wamarekani walianza kuunda vyombo vizito ambavyo Scout haikuweza kuvibeba. Ilipita miaka 13 kabla ya San Marco 5 kurushwa Machi 1988, ikawa setilaiti ya tisa na ya mwisho kupaa kutoka Ngomeni.

Broglio hakukubali kwamba mambo yamekwisha. Aliupigia debe mpango wa kuiongezea Scout nguvu kwa injini za Kiitaliano ili Ngomeni iendelee kurusha vyombo. Mpango huo haukufaulu. Shirika la anga la Italia, lililoundwa mwaka wa 1988, liliegemea roketi mpya iliyokuja kuitwa Vega, ambayo ilirushwa kwa mara ya kwanza Februari 2012, tena kutoka Kourou, Amerika Kusini, wala si kutoka Kenya. Scout yenyewe ilistaafishwa mwaka wa 1994. Majukwaa yalibaki yamesimama majini, chumvi ikiyala.

Kilichobaki na uhai kilikuwa dishi la nchi kavu. Tangu mwanzo kituo kilihitaji mitambo ya kuwasiliana na setilaiti baada ya kuzirusha, na mitambo hiyo haikujali kama roketi imepaa Ngomeni au kwingineko. Hapa ndipo hadithi ya mhandisi huyu inapokutana na alfajiri ile ya mwaka wa 1997.

Milipuko ya miale ya gama iligunduliwa kwa bahati. Marekani ilikuwa imerusha setilaiti zilizoitwa Vela kuchunguza kama Warusi wanajaribu mabomu ya nyuklia kwa siri, kinyume na mkataba wa mwaka wa 1963. Julai 1967 Vela ziliona mwako wa gama usiotoka duniani wala kwenye jua. Ugunduzi huo ulitangazwa mwaka wa 1973, na kuanzia hapo ukawa ugomvi. Milipuko ilionekana takriban mara moja kwa siku, kila mara mahali tofauti, ikadumu sekunde au dakika, ikatoweka. Wengine walisema inatokea jirani, pembezoni mwa galaksi yetu. Wengine walisema inatoka mbali mno, ncha za ulimwengu. Tofauti ilikuwa kubwa: kama iko karibu, ni fataki, kama iko mbali, basi ni mikubwa kuliko mlipuko wowote uliowahi kujulikana. Setilaiti ya Compton, iliyorushwa mwaka wa 1991, iliorodhesha zaidi ya milipuko 2,700 iliyotapakaa sawasawa pande zote za anga, na bado wataalamu hawakukubaliana.

Taabu ilikuwa kujua mahali hasa. Miale ya gama haikusanyiki kwa kioo kama mwanga, hivyo vyombo vya wakati huo viliweza kusema tu kwamba mlipuko umetokea upande fulani. Ni kama mtu aliyelala Magongo akasikia kishindo usiku wa manane. Akifungua dirisha, kishindo kimekwisha, na mtaa ni mkubwa. Akitaka kujua ni nyumba gani, hana budi kutafuta moshi au makaa yanayofuka. Wataalamu waliamini kwamba mlipuko wa gama nao lazima uache makaa, na kwamba makaa hayo yangeng'aa kwa eksirei kwa saa au siku kadhaa. Eksirei, tofauti na gama, huweza kupigwa picha iliyo wazi. Lakini nani angewahi kufika kabla makaa hayajazimika?

Italia na Uholanzi zilikuwa zimeunda setilaiti ya eksirei, na Aprili 30, 1996 ikarushwa kutoka Cape Canaveral. Iliitwa BeppoSAX, kwa heshima ya mwanafizikia Giuseppe Occhialini, aliyeitwa Beppo na rafiki zake na aliyefariki mwaka wa 1993. Uzito wake ulikuwa kilo 1,400, mzigo ambao Scout isingeuota. Kwa kuwa wataalamu walitaka izunguke karibu na Ikweta, kama Uhuru, roketi kubwa ya Atlas-Centaur ililazimika kuunguza mafuta mengi ili kuihamisha kutoka njia ya Florida hadi ile ya Ikweta. Yaani lile ambalo Ngomeni ingelitoa bure lilinunuliwa kwa bei ghali. Haiwezekani kwamba Broglio hakuliona hilo.

Hata hivyo setilaiti izungukayo juu ya Ikweta lazima ipite karibu na Malindi katika kila mzunguko. BeppoSAX ilizunguka dunia kwa dakika 96 hivi, na kila ilipopita juu ya pwani yetu ilikuwa na dakika kama kumi za kuteremsha taarifa na kupokea amri. Haikuwa na kituo kingine. Kutoka Ngomeni taarifa zilirushwa kwa setilaiti ya mawasiliano hadi Roma, ambako wataalamu walizisoma na kurudisha amri kwa njia hiyo hiyo.

Chombo hicho kilikuwa na mlinzi wa gama na kamera mbili za Waholanzi zenye kuona eneo pana la anga. Kilikuwa pia na darubini za eksirei zenye macho makali lakini membamba. Mlinzi akishtuka, na mlipuko ukawa umeangukia ndani ya kamera, wataalamu wangeweza kupata mahali pake na kuigeuza setilaiti nzima ili darubini zitazame hapo. Januari 11, 1997 walijaribu. Ilichukua saa 16 kuigeuza, na hawakupata kitu cha kuaminika. Walichelewa. Wakaupanga upya utaratibu wao wa kazi.

Februari 28 walikuwa tayari. Muda wa saa nane tu baada ya mlipuko, yaani mchana ule ule wa Ijumaa, darubini za BeppoSAX zilikuwa zikitazama mahali palipoonyeshwa na kamera. Palikuwa na chanzo cha eksirei kisichokuwamo katika orodha yoyote. Machi 3 waliirudisha setilaiti pale pale. Chanzo kilikuwa bado kipo, lakini kimefifia takriban mara 20. Makaa yalikuwa yamepatikana. Kikundi cha Enrico Costa kilieneza habari, na kikundi cha Jan van Paradijs wa Amsterdam, kilichokuwa kimepiga picha za mahali hapo kwa darubini ya La Palma katika Visiwa vya Canary, kikaona nuru ya kawaida ikififia mahali hapo hapo, kando ya doa hafifu lililofanana na galaksi.

Mei mwaka huo BeppoSAX ilinasa mlipuko mwingine, na safari hii darubini ya Keck huko Hawaii iliweza kupima umbali. Mwanga wake ulikuwa umesafiri takriban miaka bilioni saba. Ule wa Februari, ulipopimwa baadaye, ulionekana kuwa umesafiri zaidi ya miaka bilioni sita. Ulianza safari kabla jua letu na dunia yetu hazijaumbwa. Mabishano ya miaka mingi yakakatika. Leo inafahamika kwamba milipuko mirefu ya aina hiyo hutokana na nyota kubwa zinapojiporomokea zikifa, na kwamba mingi ya ile mifupi hutokea nyota mbili za nyutroni zinapogongana.

Magazeti ya dunia yaliandika kuhusu Roma, Amsterdam na La Palma. Malindi ilitajwa kwa ufupi, pale ilipotajwa.

Broglio alifariki mjini Roma Januari 14, 2001, akiwa na umri wa miaka 89. BeppoSAX ilizimwa mwaka uliofuata na kuanguka katika Bahari ya Pasifiki mwaka wa 2003. Baada ya kifo chake, kituo cha Ngomeni kilipewa jina lake rasmi. Yaliyobaki ya kazi yake pwani ni ya namna mbili. Kwa wengi ni Waitaliano wenyewe. Waliokuja na mradi walieneza sifa za fukwe, wenzao wakafuata kwa ndege za kukodi zilizotua uwanja wa Mombasa ulioko Changamwe na kupelekwa kaskazini kwa mabasi kupitia Kisauni, hata Malindi ikawa mji ambao kijana wa ufukweni anajua Kiitaliano kuliko anavyojua kilichomo ndani ya uzio wa kituo.

Na hilo la uzio ndilo lililozua manung'uniko. Kwa miaka mingi wabunge na wakazi wa Pwani waliuliza Kenya inapata nini, nani anasoma, na nani analipwa. Hayakuwa maswali ya choyo. Mikataba ya awali iliandikwa na nchi changa isiyokuwa na chuo hata kimoja kilichofundisha uhandisi wa anga, na ilichukua muda mrefu kuirekebisha. Mkataba mpya ulitiwa saini mjini Trento, Italia, mwaka wa 2016, ukiahidi mafunzo, taarifa za setilaiti na sehemu kubwa zaidi kwa Wakenya. Kenya ikaunda shirika lake la anga mwaka wa 2017. Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, mchemraba wa sentimita kumi kila upande, uliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo cha Roma, kile kile alichofundisha Broglio.

Kuhusu milipuko ya gama, kazi haikukoma na BeppoSAX. Novemba 2004 Marekani ilirusha setilaiti iitwayo Swift, iliyoundwa kufanya kwa dakika moja au mbili kile ambacho BeppoSAX ilikifanya kwa muda wa saa nane: kuuona mlipuko, kujigeuza yenyewe na kuyatafuta makaa yake ya eksirei. Italia iliichangia Swift vioo vya darubini yake ya eksirei. Iliichangia pia dishi la kupokelea taarifa zake, lile la Ngomeni.